Urithi wa Dunia na Mirathi ya Ukoo: Historia ya Mjadala wa Kihamba katika Uru, Kilimanjaro

1.0 Utangulizi

Mwaka 2011 kijiji cha Shimbwe Juu, kilichoko Uru, kaskazini mwa mji wa Moshi, kiliingizwa katika orodha ya mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu wa kidunia, inayosimamiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Kilichotambuliwa hakikuwa jengo la kale, ngoma wala kaburi la mtawala. Kilikuwa ni kihamba, yaani shamba la nyumbani ambamo migomba, kahawa, viazi vikuu, mboga, miti ya kivuli na mifugo ya zizini huishi pamoja na binadamu, na ambamo wazee wa ukoo wamezikwa.

Tangu hapo neno urithi limetumika sana kuhusu kihamba katika ripoti, semina na tasnifu. Katika Kiswahili neno hilo lina uzito ambao watumiaji wake wengi hawaufafanui. Shina -rithi limezaa urithi, mrithi na mirathi. Anayezungumzia urithi wa utamaduni na anayezungumzia mgawanyo wa ardhi ya marehemu baba yake wanachota katika kisima kimoja cha maneno. Katika mijadala ya kitaaluma, hata hivyo, mambo hayo mawili yametenganishwa: urithi umeachiwa wataalamu wa utamaduni na mazingira, na mirathi imeachiwa mahakama na mabaraza ya ardhi.

Makala haya yanajenga hoja kwamba utengano huo hauna msingi katika historia ya Uru. Mustakabali wa kihamba kama urithi wa dunia unategemea jinsi kinavyorithishwa ndani ya ukoo, na urithishaji huo umebadilishwa kwa kiasi kikubwa na elimu, ambayo kihamba chenyewe kiliigharimia. Hoja inajengwa kwa kupitia maandiko yaliyochapishwa kuhusu Kilimanjaro, sheria za ardhi na historia ya taasisi za uhifadhi na za elimu ya juu.

2.0 Kihamba ambacho hakikuwahi kusimama

Maandiko ya awali kuhusu Wachaga hayakuipa Uru nafasi kubwa. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyeishi Moshi ya Kale, aliandika kwa Kijerumani kitabu chake kuhusu sheria za Wachaga mwaka 1926. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu, aliandika madaftari ya historia ya milki za Kilimanjaro kabla hata ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza. Kathleen Stahl, katika kitabu chake cha 1964, alijaribu kuiandika historia ya kila milki peke yake. Katika simulizi za karne ya 19 Uru huonekana zaidi kama nchi iliyokaa katikati ya majirani wawili wenye nguvu, Kibosho ya Mangi Sina na Moshi ya Mangi Rindi. Historia iliyoandikwa kwa kufuata vita na wamangi ilikuwa lazima iwape nafasi zaidi washindi.

Tukiacha historia ya wamangi na kufuata historia ya ardhi, Uru haiko pembezoni tena. Miteremko yake ya kati, yenye mvua nyingi na maji yaliyoongozwa kutoka mitoni kwa mifongo, ni sehemu ya ukanda wa vihamba uliozunguka kusini na mashariki mwa mlima. Mfongo ulichimbwa na ukoo au kundi la koo, ukasafishwa kwa kazi ya pamoja, na haki ya kutumia maji yake ikaambatana na wajibu wa kuutunza. Kihamba na mfongo vilikuwa taasisi kabla ya kuwa mandhari.

Ni kosa, hata hivyo, kukiona kihamba kama kitu kilichobaki vilevile tangu enzi za mababu. Mgomba wenyewe una asili ya Asia. Kahawa ililetwa na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliokuwa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea miongoni mwa wakulima Waafrika hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikihimizwa pia na Charles Dundas, ofisa wa utawala wa Kiingereza. Mgrevilea, unaotoa kivuli na mbao katika vihamba vingi vya leo, ni mti wa Australia. Kila kimoja kilipokelewa, kikapewa nafasi chini ya kingine au juu yake, na baada ya kizazi kimoja au viwili kikahesabiwa kuwa cha nyumbani.

Sally Falk Moore, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1986, alionyesha jambo kama hilo kwa upande wa sheria. Kile kilichoitwa mila ya Wachaga kilikuwa kikiundwa upya kila kizazi, kwa mabadiliko ya utawala, biashara na idadi ya watu, huku jina likibaki lilelile. Hoja ya Moore inahusu mirathi, lakini inafaa pia kwa mimea. Uhai wa kihamba umetokana na uwezo wake wa kupokea. Sera ya urithi inayokitaka kibaki kama kilivyo inakiondolea tabia iliyokifikisha hapa.

3.0 Kahawa, karo na kuondoka

Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda Chama cha Wakulima Wenyeji wa Kilimanjaro (KNPA), na Joseph Merinyo akawa miongoni mwa viongozi wake mashuhuri. Mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ilichukuliwa na KNCU, Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro. Historia ya vyama hivyo imeandikwa mara nyingi kama historia ya siasa na biashara. Kwa mada hii kuna jambo la tatu: fedha ya kahawa ilikwenda wapi.

Sehemu kubwa ilikwenda shuleni. Misheni za Kikatoliki na za Kilutheri zilikuwa zimeeneza shule mlimani, na ushirika wenyewe ukaingia katika kuendeleza elimu. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Si sadfa kwamba chuo hicho kiko Moshi. Kilizaliwa mahali ambapo wakulima wa mashamba madogo walikuwa wamejifunza kupima, kuuza na kuweka hesabu kwa pamoja kwa zaidi ya miaka 30.

Uwekezaji huo katika elimu ulikuwa pia jibu la uhaba wa ardhi. Katika urithishaji ulioelezwa na Gutmann, na baadaye na Moore, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho walikuwa na nafasi ya upendeleo katika ardhi ya baba, na wa katikati walitarajiwa kutafuta kwingine. Wakati ardhi tupu ilipokuwapo, kwingine kulimaanisha kihamba kipya, ambacho mangi angeweza kukigawa. Ardhi ilipojaa, kwingine kukawa shule, ajira serikalini, biashara Arusha, Dar es Salaam na Nairobi. Karo ikachukua nafasi ya kihamba cha mtoto wa katikati. Mzazi aliyeuza kahawa ili kumsomesha mwanawe alikuwa anamrithisha, ingawa hakumpa ardhi.

Mpango huo ulisimama maadamu kahawa ilikuwa na bei. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha katika miaka ya 1980. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyodhibiti mgao wa kahawa duniani yalivunjika na bei ikaanguka; katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa nchini ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mbuni, uliokuwa nguzo ya karo, ukawa mti unaoshindania nafasi na mboga, ndizi za kuuza na majani ya ng'ombe. Waliokwishaondoka waliendelea kurudi mwezi Desemba, na waliofariki waliendelea kurudishwa kuzikwa, lakini kazi ya kila siku ya kupunguzia migomba na kusafisha mfongo ilibaki kwa wachache, wengi wao wazee na wanawake.

4.0 Mistari miwili juu ya mlima mmoja

Mwaka 1987 Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kigezo kilichotumika kilihusu uzuri wa kipekee wa maumbile: theluji, kilele, na mlima unaosimama peke yake juu ya nyika. Wakati huo hifadhi ilikuwa ni eneo lililo juu ya msitu. Watu wa miteremko, waliokuwa wakiuona mlima huo kila asubuhi na kuuelekezea sala zao za jadi, hawakuwa sehemu ya kigezo.

Chini ya mstari huo palikuwa na mstari wa pili. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa msitu wa nusu maili ili wananchi wa vijiji vya juu wapate kuni, mbao na malisho bila kuingia katika hifadhi ya msitu, na usimamizi wake uliwahusisha watawala wenyeji. Kwa vijiji vya juu ukanda huo ulikuwa kiendelezo cha kihamba, kwa maana ng'ombe wa zizini hula majani yasiyotosha kupatikana nyumbani, na samadi yake ndiyo inayorudisha rutuba kwenye migomba. Mwaka 2005 mpaka wa hifadhi ya taifa ulishushwa, ukauchukua msitu pamoja na ukanda wa nusu maili. Kizuizi cha kukata majani na kuokota kuni kikawa lalamiko la kudumu mlimani.

Miaka sita baadaye, Shimbwe Juu ikatambuliwa na FAO. Tukiyaweka matukio haya pamoja tunaona ukinzani. Taasisi moja ilitambua maumbile na kuwaondoa watu, nyingine ilitambua watu na kilimo chao, na kati yake palikuwa na ukanda ambao mfumo wa pili uliuhitaji na ambao mfumo wa kwanza ulikuwa umekwisha kuufunga. Kwa mkulima wa Uru, urithi ulikuwa umekuja mara mbili, mara ya kwanza kama katazo, mara ya pili kama sifa.

Mpango wenyewe wa Shimbwe Juu unathibitisha hoja ya sehemu iliyotangulia. Katika shughuli zilizopangwa kwa ajili ya kijiji kulikuwa na kahawa ya kilimo-hai, zao la vanila, na ufugaji wa samaki aina ya trauti kandokando ya mifereji. Vanila asili yake ni Amerika ya Kati, na trauti si samaki wa mito ya Kilimanjaro. Wapo watakaosema kwamba huko ni kuuchafua urithi. Kwa mtazamo wa historia, huko ni kufuata njia ileile iliyoingiza kahawa. Swali linalofaa ni nani aliyeamua kiingie nini, na faida yake itamfikia nani.

5.0 Nani mrithi?

Utafiti wa Fernandes, O'kting'ati na Maghembe, uliochapishwa katikati ya miaka ya 1980, ulikadiria kwamba wastani wa kihamba ulikuwa hekta 0.68. Hesabu rahisi inatosha kuonyesha uzito wa jambo. Kihamba cha ukubwa huo kikigawanywa sawasawa kwa warithi watatu, kila mmoja hupata hekta 0.23 hivi, kizazi kinachofuata kikifanya vivyo hivyo, kila mjukuu hupata chini ya hekta 0.08, yaani eneo la nyumba, zizi dogo na safu chache za migomba. Kwa kipimo hicho hakuna tena tabaka za mimea ambazo wataalamu walizisifu. Andreas Hemp, aliyehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro, aina zaidi ya 400 zikiwa ni zile zisizopandwa, alikuwa anahesabu matokeo ya nafasi na muda. Kipande kikipungua kupita kiasi, vyote viwili hupotea.

Hapo ndipo mirathi inapokuwa suala la uhifadhi. Njia ya kwanza ya kuepuka mgawanyiko ni kumwachia mmoja ardhi yote na kuwalipa wengine kwa elimu au fedha. Ndiyo njia iliyotumika wakati wa kahawa, na iliacha swali la mabinti bila jibu. Binti alisomeshwa kwa kahawa aliyoichuma, lakini kihamba kilitarajiwa kumpita. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Sheria ilianza kutumika mwaka 2001. Kwa hiyo kihamba kilipotambuliwa mwaka 2011 kama mfumo wa jadi, sehemu ya jadi hiyo ilikuwa imekwisha kukataliwa na sheria ya nchi.

Inaweza kudaiwa kwamba kumwingiza binti katika mirathi kunaongeza idadi ya warithi na hivyo kuharakisha mgawanyiko. Hoja hii haipaswi kupuuzwa, maana hesabu iliyotolewa hapo juu haibagui jinsia. Lakini inadhania kwamba kila mrithi lazima akate kipande chake. Historia ya mfongo inatoa mfano tofauti. Mfongo haukuwahi kukatwa vipande na kila mmoja akaondoka na chake. Watu walirithi zamu, pamoja na wajibu wa kuutunza. Hakuna sababu ya kihistoria ya kukataa kwamba kihamba nacho kinaweza kurithiwa kwa pamoja, mapato na kazi vikagawanywa badala ya udongo, na anayekaa na kulima, awe mwana au binti, akawa na sauti kubwa kuliko anayekuja Desemba. Moore ametufundisha kwamba mila ya mlima huu imekuwa ikibadilishwa kila mara bila kupoteza jina. Badiliko hili lingekuwa jingine katika mfululizo huo.

Upinzani mkubwa zaidi unatokana na kaburi. Michael von Clemm, katika makala yake ya 1964, alieleza kwamba thamani ya kihamba kwa mwenye nacho haikupimwa kwa mavuno peke yake. Mahali walipozikwa wazazi, palipopandwa masale kuonyesha mpaka, hapauziki kirahisi hata pasipolimwa. Hisia hiyo imekilinda kihamba dhidi ya soko. Hata hivyo, inaweza pia kukifanya kiwe makaburi yaliyozungushiwa migomba isiyopunguziwa. Anayerithi kaburi bila kurithi jembe hajakihifadhi kihamba.

6.0 Elimu ya juu na lugha ya utafiti

Elimu iliyowaondoa vijana mlimani imerudi mlimani kwa sura ya utafiti. Tanzania huru ilianza kuandika historia yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, na kazi ya pamoja iliyohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu mwaka 1969 ilionyesha kwamba jamii za nchi hii zilikuwa na historia kabla ya ukoloni. Nia ya wakati huo ilikuwa kujenga taifa, mwaka 1963 uchifu ukiwa umekwisha kufutwa kisheria. Katika mazingira hayo historia ya ukoo mmoja au milki moja ilionekana ndogo mno, ikiwa haikuonekana hatari. Mlima ukaachwa zaidi kwa wanaanthropolojia, wanabotania na wanajiografia, wengi wao wageni.

Matokeo yake ni kwamba tafiti nyingi za msingi zilizotajwa katika makala haya zimeandikwa kwa Kijerumani au Kiingereza. Tofauti mashuhuri ni kitabu cha Petro Itosi Marealle, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichotoka mwaka 1947 na kuchapishwa upya mwaka 2002. Marealle aliandika kwa Kiswahili ili asomwe na Wachaga wa lahaja zote na Watanganyika wengine pia. Baada yake vyuo vikuu viliongezeka, lakini nje ya idara za Kiswahili mwanafunzi wa Kitanzania anayechunguza kihamba bado huandika tasnifu yake kwa Kiingereza.

Watetezi wa hali hiyo wana hoja. Tasnifu ya Kiingereza husomwa Nairobi, Bayreuth na Chicago, nayo huingia katika mjadala wa dunia nzima. Aidha, Kiswahili si Kiuru, na msamiati wa mfongo na zizi una maana ambazo Kiswahili nacho hulazimika kuazima. Hoja zote mbili ni za kweli, lakini hazijibu swali la nani anayeamua. Maamuzi kuhusu kihamba hufanywa na kikao cha ukoo, mkutano mkuu wa kijiji na baraza la ardhi, na huko kote lugha ni Kiswahili na lugha ya nyumbani. Matokeo ya utafiti yasiyofika huko hayawezi kubadilisha mirathi, na kwa hiyo hayawezi kukihifadhi kile yanachokisifu.

Mjadala unaoendelea kuhusu mabaki ya binadamu yaliyochukuliwa na Wajerumani unatoa kipimo cha kufaa. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa Machi 1900 pamoja na Mangi Molelia wa Kibosho na viongozi wengine, na jamaa zao wamedai mabaki yao kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba mafuvu matatu yalikuwa na uhusiano wa kinasaba na familia zilizo hai nchini Tanzania. Utafiti ule ulipata maana pale uliporudi kwa familia na kuzijibu swali lao. Maarifa yaliyokusanywa katika vihamba hayakuporwa kwa namna ile, wala si haki kuyalinganisha na uhalifu ule. Lakini kanuni ya kurudisha inafaa hapa pia: kilichochukuliwa kwa watu, hata kwa ridhaa yao, kina njia ya kurudi, na njia hiyo ni lugha wanayoijua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kihamba cha Uru hakikuwahi kuwa kitu kilichosimama. Kwamba fedha yake iligharimia elimu iliyokipunguzia mikono. Kwamba kutambuliwa kwake mwaka 2011 kulikuja baada ya mpaka wa uhifadhi kuukata mzunguko wake wa majani na samadi. Na kwamba hatima yake inaamuliwa katika mirathi kuliko katika orodha za kimataifa. Kutokana na hayo, mambo matatu yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, tafiti za urithi wa utamaduni Kilimanjaro zichunguze urithishaji wa ardhi kama sehemu ya mada yake, pamoja na nafasi ya mabinti. Pili, vyuo vikuu, hasa vilivyoko Moshi, viruhusu na kuhimiza tasnifu za Kiswahili katika fani za ardhi, mazingira na historia, au angalau vidai muhtasari kamili wa Kiswahili unaowasilishwa kwa kijiji kilichochunguzwa. Tatu, historia ya mfongo ichunguzwe upya kama kielelezo cha kisheria cha umiliki wa pamoja, maana ndani yake kuna mfano wa kurithi bila kukata.

Kiswahili kimeliweka jambo hili wazi kabla ya wataalamu. Hakuna urithi pasipo mrithi, na mrithi wa kihamba ni yule ambaye ukoo, sheria na elimu vimekubaliana kumpa nafasi ya kukaa na kulima.